Runinga Iliyosemewa na Mama

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu uliochomwa. Wiki iliyopita moshi huo ulinikuta mjini Nakuru, nimesimama mbele ya kibanda cha fundi wa simu. Nilikuwa nimempelekea tableti ya mwanangu iliyokuwa inaonyesha picha bila kutoa sauti. Fundi, kijana mwenye taa ndogo kichwani, aliigeuza mara mbili, akaiweka sikioni, akanipa hukumu.

"Mathe, hii ni spika imeenda. Picha iko sawa, sauti ndio hakuna."

Nilicheka. Nilicheka mpaka kijana akaacha kazi yake akanitazama vizuri, asije akawa anahudumia mtu asiye na akili timamu. Ningemweleza vipi? Nikamwambia nitampitia baadaye, nikaenda sokoni kununua mboga huku nikitabasamu peke yangu. Ninyi nitawaeleza, na nikijisifu kidogo mniwie radhi, maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi.

Tuliishi Rhonda, mtaa wa hapahapa Nakuru, katika ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati. Baba alitengeneza mashine kiwandani kwa zamu ya usiku, na mchana alitengeneza kila kitu kingine: redio, pasi, hata saa ya ukutani ya pasta. Ploti nzima ilimwita Fundi. Mama aliuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara, akiwa na jicho moja kwa wateja na jingine kwa askari wa baraza la mji, wale tuliowaita kanjo, ambao wakitokea kabla hajalipia tikiti ya siku ilibidi akunje gunia na kukimbia. Mimi, Kageha, nilikuwa mtoto wao wa kwanza. Kwa muda mfupi sana nilikuwa na mdogo wangu, Musa.

Musa alifariki kabla hajajua kutembea. Tulienda kumzika nyumbani kwetu upande wa Magharibi, na tuliporejea Rhonda, Mama alirudi nasi lakini maneno yake mengi aliyaacha kule. Aliniambia nile, nioge, nilale. Zaidi ya hapo alinyamaza. Nilikuwa na miaka saba, nikadhani ndivyo akina mama wanavyokuwa wakishachoka.

Mwaka huohuo Baba alinunua runinga kwa mwalimu mmoja wa chuo kule Njoro aliyekuwa anahama. Alifika nayo Ijumaa jioni, imefungwa kwa blanketi na mipira ya tairi nyuma ya baiskeli. Alikuwa ameisukuma baiskeli njia yote bila kuipanda ili mzigo usitikisike. Ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili midogo ya kufungwa kwa ufunguo. Asubuhi ya Jumamosi Baba aliiunganisha na betri ya gari, akageuza kitufe. Vumbi lililokuwa ndani likapata moto, chumba kikanuka kama koti la zamani lililopigwa pasi, na picha ikaja. Sauti haikuja.

Baba akapiga magoti nyuma yake, akafungua kifuniko. Kwenye kioo, mbweha mwembamba alikuwa anamkimbiza bata aliyebeba kikapu. Mama alikuwa kwenye kigoda anachagua mchele. Bila kuinua sauti, kama mtu anayejisemea, akasema, "Huyo ni kanjo. Na huyo bata hana tikiti ya leo."

Nilicheka. Bata akaruka ukuta, mbweha akajigonga. "Ndiyo hivyo," Mama akaendelea, "na uniform yenyewe ameazima." Kisha naye akacheka, cheko fupi la puani. Baba akachungulia kutoka nyuma ya runinga, bisibisi mkononi, akamtazama kwa muda. Halafu akarudisha kifuniko na kukaza skrubu zote nne.

"Spika imeenda," alisema. "Nitaangalia siku ingine."

Siku ingine hiyo ilichukua miaka miwili, na hiyo miaka miwili ndiyo ninayojisifia. Kila Jumamosi watoto wa ploti walipanga foleni mlangoni kwetu. Kulikuwa na karai la maji, na hakuna aliyeingia kabla ya kuosha miguu. Patipati ziliachwa nje, wadogo walikaa mbele, wakubwa nyuma, na Otieno wa chumba cha pili, aliyekuwa na miaka minne, alikaa karibu na kioo mpaka ilibidi avutwe kwa kola. Mama alifungua milango ya kabati, akakunja kile kitambaa cha kufuma alichoifunikia runinga, akakaa kwenye kigoda chake, na kazi ikaanza.

Ninyi hamkumsikia, basi niaminini. Mbweha alimpa sauti ya puani ya mtu aliyepewa cheo juzi. Bata alikuwa mama mboga, jina lake Rosa, mwenye watoto sita na la kusema kuhusu kila jirani. Palikuwa na dubu mnene, na huyo Mama alimfanya mkulima wa viazi kutoka Keringet, aliyeshuka mjini na gunia lake na kupotea kila wiki palepale karibu na stendi. Kipindi kikibadilishwa, Mama hakubabaika. Sungura mgeni alikuwa binamu yake Rosa kutoka Njoro, amekuja kutafuta kazi. Hadithi iliendelea kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, na katikati ya wiki watoto walibishana bombani kama kanjo atamkamata Rosa au la.

Sasa sikieni ujinga wetu. Sisi tuliamini kwamba runinga zote ndivyo zilivyo. Picha inatoka kwenye kabati, maneno yanatoka kwa mama wa nyumba. Chebet wa chumba cha nne, rafiki yangu mkubwa, aliwahi kuzihurumia nyumba ambazo mama anaenda kazini Jumamosi. "Sasa TV yao inaongeleshwa na nani?" aliniuliza, na wote wawili tukatikisa kichwa kwa huzuni.

Wakati huo Baba alikuwa nyuma ya pazia lililogawanya chumba, amelala baada ya zamu ya usiku. Wanaume wa ploti hawakumwacha. "Fundi, za watu unatengeneza, yako ni bubu?" Yeye alijibu tu kwamba ataangalia. Nilimwonea aibu kidogo kwa hilo, siwafichi.

Nikiwa darasa la nne nilialikwa Jumamosi moja kwa Njeri, mwanafunzi mwenzangu ambaye baba yake alikuwa na duka. Kwao kulikuwa na stima, na runinga ilikuwa imewashwa. Mbweha wetu akatokea, akafungua mdomo, na kutoka ndani ya kile kisanduku kikaja Kiingereza cha haraka, na muziki juu yake. Nilidhani imeharibika. Nikawaeleza, kwa upole wa mtu anayejua, kwamba huyo ni kanjo na bata anayefukuzwa ni Rosa. Kaka yake Njeri alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani.

"Kwani kwenu mama yako ndio TV?"

Kufikia Jumatatu darasa zima lilikuwa na habari hizo. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, nikamkuta Mama anakatakata sukuma na Baba anafunga viatu kwenda zamu.

"Baba, tengeneza TV," nilisema. "Mama anatudanganya. Hao watu hawasemi hivyo."

Kisu kilisimama juu ya mboga. Baba alimtazama Mama. Mama ndiye aliyejibu. "Mtengenezee mtoto," alisema, akaendelea kukata.

Wiki hiyo Mama alirudia maneno yake ya zamani: kula, oga, lala. Nilifikiri amenuna, nikaamua na mimi kununa. Ijumaa Baba alifungua kifuniko, akawasha mkaa, akaweka chuma chake cha kulehemu kwenye makaa mpaka kikaiva. Moshi ule wenye harufu ya utomvu ukapanda. Chai haikuwa imechemka bado alipomaliza. Akageuza kitufe, na sauti ya mtu mzima anayesoma habari ikajaa chumbani. Niliruka kwa furaha. Baba hakuruka.

Jumamosi watoto waliosha miguu kama kawaida. Nilisimama mbele ya kabati kama meneja, nikatangaza kwamba leo TV yetu inajiongelea yenyewe. Mama alitoa kigoda chake nje, akakaa karibu na karai, akaanza kumenya maharagwe mabichi. Niliongeza sauti. Mbweha akasema, bata akasema, muziki ukapiga. Watoto walikodoa macho kwa heshima. Kisha heshima ikaanza kuisha. Mmoja akajikuna. Mwingine akauliza mbweha anasema nini, nikamnyamazisha kwa sababu hata mimi sikujua. Chebet akaniambia polepole, "Hii ni kama kanisa ya wazungu."

Kisha Otieno akaanza kulia. Hakulia kwa sauti kubwa. Aligeuka tu kutoka kwenye kioo, akanitazama, machozi yakimteremka.

"Rosa ameenda wapi?"

Nilitaka kumwambia Rosa yuko pale pale, mbele yake. Nikamtazama yule bata. Hakuwa Rosa. Alikuwa bata mgeni aliyejua Kiingereza. Nilichungulia mlangoni nikamwona Mama kwa mgongo. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya maharagwe na shingo imeinama upande, kama mtu anayesikiliza nyumba ambayo haruhusiwi kuingia. Aibu niliyoipata hapo ilizidi ile ya kwa Njeri mara nyingi.

Niliinuka, nikashika kitufe cha sauti, nikakirudisha mpaka mwisho. Chumba kikawa kimya.

"Mama," niliita. "Njoo uongee."

Hakuja mara moja. Chebet akapokea, "Mama Kageha, kuja! Hii TV haijui!" Halafu wote kwa pamoja, mpaka majirani wakatoka vyumbani. Mama akasimama mlangoni, maganda ya maharagwe bado kwenye aproni. Alitazama kioo. Mbweha alikuwa anakimbia, nyuma yake kuna gari.

"Leo," alisema kwa ile sauti ya puani, "kanjo amekuja na lori."

Kelele iliyopigwa sijaisikia tena hata uwanjani. Otieno alicheka na machozi yake. Na nyuma ya pazia, mahali ambapo Baba alidaiwa kulala, nilisikia kitanda kinatikisika. Alikuwa ameziba mdomo kwa mto anacheka.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wangu mwenyewe, nilipokumbuka ile chai ambayo haikuwa imechemka. Nilimkuta Baba peke yake uani, nikamwuliza. Kama kazi ilikuwa ndogo vile, kwa nini fundi wa ploti nzima alikubali kuchekwa miaka miwili?

Alipangusa miwani yake kwanza. "Ilikuwa waya moja tu, ilichomoka njiani," alisema. "Niliiona siku ileile ya kwanza. Nilikuwa nimeishika. Halafu mama yako akasema ile ya tikiti, akacheka. Tangu tumzike Musa sikuwa nimemsikia akicheka. Nikaiacha."

Mtoto wa miaka saba aliona runinga mbovu, na wa miaka tisa akaona mama mwongo. Hakuna kati yao aliyemwona mwanamume nyuma ya kabati, ameshika waya, anachagua kuitwa fundi asiyeweza. Nawaonea fahari wazazi wangu hawa wawili kuliko chochote nilichowahi kusomea.

Basi nilipomaliza kununua mboga nilirudi kibandani. Kijana alikuwa ameshafungua tableti, chuma chake kinafuka moshi. Wazazi wangu wako kwangu likizo hii, na asubuhi ile, kabla sijatoka, nilikuwa nimemsikia mwanangu, tableti yake bubu mapajani, akimsumbua nyanya yake kwenye kochi: "Cucu, sasa huyu amesema nini?"

"Boss," nilimwambia fundi, "ifunge tu vile ilikuwa."