Nilimchora Alama, Kisha Nikamsemea

Sitaki pole ya mtu. Nilichofanya ni uchafu, na nimekifanya mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Na mafunzo nilipewa!

Mimi ni mwanamke, mchora tatuu hapa Igoma. Nina kachumba kangu nyuma ya saluni: kiti, mashine, feni. Mwaka jana watu wa ustawi wa jamii walituita wachoraji na wasusi kwenye semina ya usafirishaji wa binadamu. Nilienda kwa sababu ya pilau. Ndiyo, pilau!

Dada aliyetufundisha alisema wazi. Wanaouza watu huwatia alama kama ng'ombe, ili ijulikane ni wa nani. Mwangalieni anayeletwa, anayejibiwa kila kitu, asiyekuwa na simu. "Nyie mnamshika mtu mkono saa nzima," alisema. "Atawaambia asichoweza kumwambia polisi. Akisema, pigeni simu. Na msithubutu kumuuliza aliyemleta!"

Mimi nilikuwa nyuma nacheka na wenzangu. Nani wa kuuzwa Mwanza hii?

Haukupita muda akaja mama mmoja, nimwite Mama Suzi. Tunaimba naye kwaya. Mtu wa heshima zake, akiingia saluni kila mtu anampa shikamoo. Alikuja na mabinti watatu.

"Hawa ni wafanyakazi wa hoteli yangu kule kisiwani," akasema. "Wachore taji na herufi za jina langu hapa mkononi. Ni kama sare tu, mwanangu."

Sare! Sare gani haivuliki, jamani? Na mimi nikawasha mashine.

Wawili wa kwanza walikaa kimya, macho chini. Nikimuuliza mtu jina, anajibu mama. Wa tatu, nilikuja kujua baadaye, anaitwa Kabula. Nilipoanza kumchora, simu ya mama ikaita, akatoka nje kuongea.

Kabula akaniinamia, akaanza kunong'ona Kisukuma, haraka haraka. Ametolewa kijijini kwa ahadi ya kuuza duka. Simu amenyang'anywa. Kwao hawajui aliko. "Dada, nakuomba, mpigie mama yangu." Akaanza kunitajia namba.

Alivyonigeukia, mstari wa taji ukapinda. Unajua nilimjibu nini? "Tulia bwana, utaniharibia kazi."

Mama Suzi aliporudi, nikamwambia. Ndiyo, nilimwambia! "Mama, huyu binti wako ana maneno. Anasema umemchukulia simu, eti kwao hawajui aliko." Nilisema huku natabasamu, kama mtu anayechongea mtoto aliyelamba sukari. Nilitaka mama anione mwaminifu. Alikuwa na marafiki wengi, angeniletea wateja. Kwa hilo tu!

Mama Suzi akacheka. "Watoto wa siku hizi waongo!" Akamshika Kabula shingoni, akaacha mkono palepale.

Kabula hakulia. Aliniangalia tu. Nikamalizia taji. Nikafuta damu, nikampaka mafuta, nikamwagiza asilowanishe kidonda.  

Aliyefanya kilichonipasa ni kijana mmoja, mchoraji mwenzangu wa Kiseke, tuliyekuwa naye semina. Mama Suzi alimpelekea mabinti wengine, alama ileile. Yeye akasema mashine imekorofisha, warudi kesho. Walipotoka tu, akapiga simu. Mama akakamatwa, mabinti wakapatikana.

Wote, isipokuwa Kabula. Wenzake waliwaeleza polisi kwamba tangu siku ya tatuu alitengwa, akapigwa, kisha akapewa mtu mwingine ng'ambo ya ziwa. Kosa lake lilikuwa kuniambia mimi.

Miezi ilipita ndipo akapatikana. Nilisikia yuko ofisi ya ustawi wa jamii, nikaenda. Alikuwa amekaa na mama yake mzazi. Nikapiga magoti. Nikamwambia nitamfunikia ile alama kwa ua zuri, bure kabisa. Nikanyoosha mkono nimshike.

Akarudisha wake nyuma. "Usiniguse."

"Ndiye huyu?" mama yake akauliza.

"Ndiye."

 Yule mama alitema mate sakafuni, mbele ya magoti yangu, akamwinua mwanawe wakaondoka. Ua alikuja kuchorwa na yule kijana wa Kiseke.

Kwaya nimeacha. Mashine nimeuza. Mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe, alikuwa akiniletea binti yake kila likizo. Safari hii nilipouliza atakuja lini, alinijibu kwenye simu: "Dada, siwezi kukuachia mtoto."

 

Wewe unayechora, unayesuka, unayepaka hina, nisikilize! Binti akikunong'oneza, usimpelekee maneno aliyemleta. Nyamaza mbele yake, danganya hata kwamba wino umeisha, halafu tafuta polisi au ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Na usikae unasubiri kuona sura ya jambazi. Jambazi wangu mimi aliniita "mwanangu", nikamrudishia mtoto wa mwanamke mwingine kwa mkono wangu.