Kituo Nilichokuwa Nikikiruka

Mimi sikusoma sana. Nikiwa darasa la nne mwalimu aliniambia nirudi nyumbani nikalime. Nikarudi, lakini sikulima. Leo nyumba yangu hapa Kindu ina bati juu na simenti chini, na yule mwalimu, Mungu amrehemu, mpaka anakufa alikuwa akinunua sabuni dukani kwangu. Nasema hivi mujue anayeandika ni muntu gani.

Mali yangu ilianza na baiskeli. Wakati wa vita, barabara zilipokufa na treni ikanyamaza, tulisukuma baiskeli mpaka Punia. Huipandi. Unafunga mti mrefu kwenye usukani, magunia ya chumvi yanakaa katikati, na wewe unatembea kando siku nyingi, matope mpaka magotini. Wenzangu walipigwa, waliugua, wengine hawakurudi. Mimi nilirudi kila safari, na mchele na mafuta ya mawese. Risasi haikunigusa. Malaria ilinigusa kidogo, ikajuta. Habari hiyo nimeisimulia kwenye harusi na kwenye matanga, kituo kwa kituo, mpaka watoto wangu wanaijua kama Alhamdu.

Basi juzi juzi, muntu aliyeogopwa na risasi akaamka na malengelenge mahali ambapo sitapataja. Yaliwaka kama pilipili. Kwenda kukojoa kukawa safari nyingine ya Punia.

Mfanyabiashara akikuta mzigo umeoza, anamtafuta aliyeuleta. Mimi tangu vita viishe nimetulia. Kwa hiyo ni bibi yangu. Sikumuuliza. Nilituma habari Kibombo, wakwe zangu waje Jumapili. Kwetu mke harudishwi kama chupa tupu. Unawaita waliokupa, unawachinjia mbuzi, wanakula, ndipo unasema shitaka. Nikataka shitaka langu liwe na karatasi ya muhuri, hivyo Ijumaa nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Nusura nigeuke nirudi. Alinitazama, akanipima, akasema, "Hii ni herpesi, papa."

"Vizuri. Andika kwamba bibi yangu njo amenipa."

Hakucheka, na hilo ndilo liliniudhi. "Papa, karatasi ya namna hiyo haiko. Kirusi hiki kikiingia hakitoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinalala. Kinaweza kulala miaka mingi, siku moja kinaamka."

"Mingi namna gani? Tangu vita?"

"Hata tangu vita. Nani alikupa, hatuwezi kujua. Labda mama wa nyumbani, labda muntu wa zamani. Labda wewe njo umemupa mama, na yeye hajui. Wengi hawaoni kidonda hata kimoja."

Akanipa vidonge vya kutuliza, si vya kuponya. Vidonda vikiwepo nisimkaribie bibi yangu. Vikikauka nitumie kondomu, maana kinapita hata ngozi ikiwa safi. "Na umwambie," akasema.

Nikiwa njiani kurudi, nikasukuma ile baiskeli upya kichwani, nikajikuta nimesimama pale ambapo huwa sisimami. Ng'ambo ya mto mmoja, kabla ya Punia, kulikuwa na mama aliyewapikia wasukuma baiskeli. Nililala kwake misimu miwili ya mvua. Bibi yangu wakati huo alikuwa Kindu na watoto watatu, wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Chumvi ilikuwa kwangu.

Wakwe walikuwa wameshatoka Kibombo, na mbuzi ameshafungwa uani. Jumamosi nilifungua mdomo mara tatu nimwambie bibi yangu. Mara tatu nikaomba chai.

Jumapili walikula vizuri sana. Kaka mkubwa wa bibi yangu akachokoa meno, akasema, "Shemeji, mbuzi tumemumaliza. Sasa toa neno. Muntu hachinje mbuzi mukubwa hivi juu ya kusalimia tu."

Bibi yangu alikuwa anapita na birika, anatunawisha. Alipofika kwangu aliinama, akasema polepole, "Vidonge vya mfukoni mwako nilipeleka kwa mwenye famasi, akanieleza ni vya ugonjwa gani. Na wewe umeita ndugu zangu. Ulitaka kunishitaki mimi?"

Maji yakamwagika kwenye viatu vyangu. Sikuyaona.

Akasimama wima. "Baba ya watoto amewaita awasimulie habari ya baiskeli."

"Tena!" wakapiga kelele wote. "Ile tunaijua!"

"Hamuijui. Kila mara anafika kwenye mto, halafu gafla iko Punia. Pale katikati iko mwendo wa siku mbili. Miaka yote nahesabu. Leo asiruke. Akiruka, kaka, munifungie mzigo kwenye pikipiki zenu, twende wote Kibombo."

Mimi nimebishana na wanaume wenye bunduki juu ya gunia la chumvi, nikashinda. Siku ile nilitafuta neno moja tu la ujanja, sikulipata. Nikaanza Kindu, kama kawaida. Matope, kawaida. Kaka mtu akapiga miayo. Nikafika kwenye mto, nikashusha magunia, nikavusha moja moja, na pale ng'ambo, badala ya kukimbilia Punia, nikasimama.

"Kulikuwa na nyumba," nikasema. "Na mimi nilikuwa na bibi na watoto watatu."

Kijiti kikabaki kwenye meno ya shemeji. Bibi yangu akaweka birika chini. Hakutazama pikipiki. Akakaa mkekani, upande wa ndugu zake, akisubiri, na mimi nikaendelea kusukuma.