Maana ya Karibu Niliyofundishwa Kisarawe

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Nisingeisimulia, maana haina sifa kwangu hata kidogo. Lakini wewe na wenzako wa kwaya mmenichosha. Wiki nzima mnashikana mashati kwenye simu juu ya neno moja la Kiyunani, engus, eti mtume alipowaambia Wafilipi kwamba Bwana yu karibu, alikusudia karibu ya mahali au karibu ya siku. Mara huyu katuma picha ya ukurasa, mara yule katuma sauti ya dakika saba. Basi kaa hapo. Weka hiyo simu kifudifudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwinjilisti mpya, nimetoka chuoni na daftari la Kiyunani nililolibeba kwapani hata pasipohitajika. Nikapangiwa Kisarawe. Nilipata chumba kwa Mzee Salumu na mkewe Bi Zuhura, Waislamu wenyeji wa pale, wakulima wa mihogo na korosho. Binti zao walikuwa wameshaolewa mbali. Bi Zuhura aliniita mwalimu, na Ramadhani nzima alinipakulia futari kana kwamba na mimi nafunga.

Asubuhi hiyo nilikuwa naandaa mahubiri juu ya neno hilohilo lenu. Na nilikuwa nimelipanga vizuri, nikwambie ukweli. Linatumika kwa mahali, kijiji kilicho karibu na mji. Linatumika kwa wakati, kama mtini unapochipua watu wakajua kiangazi ki karibu. Linatumika hata kwa watu, waliokuwa mbali wakasogezwa. Kiswahili chetu kinayabeba yote hayo kwa neno moja, na juu yake kinaongeza la kumpokea mgeni. Nilijiona nimechimbua dhahabu.

Bi Zuhura akapiga hodi.

"Mwalimu, hebu njoo umtazame baba yako. Hasemi vizuri."

Mzee Salumu alikuwa na tabia ya kununa akikosa tumbaku. Nikadhani ni hayo. "Nakuja, mama," nikajibu bila kuinua kichwa. "Nimekaribia kumaliza."

Akaondoka. Baada ya muda akarudi. "Mwalimu, mdomo umekwenda upande. Mkono hauinuki. Peke yangu simwezi."

Sasa hapo nijitetee vipi? Nilisikia, na nilielewa. Ila nilikuwa katikati ya sentensi nzuri, nikamwomba dakika mbili. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo; yangu iliumiza mwili wa mtu mwingine. Nilipotoka, mlango wao ulikuwa wazi na kitanda hakipo. Mafundi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya barabara, watu ambao hata jina la mzee hawakulijua, walikuwa wamembeba na kitanda chake hadi hospitali.

Unadhani niliwafuata? Nilijiambia ameshapata watu, nikarudi kumalizia mahubiri.

Kesho yake nilihubiri, waumini wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mama mmoja akafuta machozi. Nje ya kanisa Mchungaji Yeremia, mkubwa wangu pale usharikani, alinishika mkono asiuachie.

"Mwenye nyumba wako kalazwa wodi gani?"

Sikujua.

"Ameamkaje?"

Sikujua.

"Umetufundisha karibu kwa lugha mbili, na ukuta mmoja umekushinda. Nenda. Na hilo daftari niachie mimi."

Nilikwenda. Mzee Salumu alikuwa hai, ila upande wa kulia umekufa na maneno yamemkatikia. Bi Zuhura alikuwa ameketi kwenye benchi kando yake. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akasogea kunipa nafasi. "Karibu, mwanangu."

Hakunilaumu siku hiyo wala nyingine. Afadhali angenilaumu.

Miaka miwili nilimnyoa mzee yule ndevu na kumtoa uani kila asubuhi, mpaka alipofariki. Hakutamka tena neno zima. Ningeinuka mara ya kwanza, huenda ingekuwa vilevile. Sitajua kamwe, na kutojua huko nimezeeka nako.

Sasa nisikilize. Mahali au siku? Yaweza kuwa yote mawili, na wajuzi kuliko ninyi hawajamaliza. Lakini sentensi inayotangulia, ile ya upole wetu kujulikana kwa watu wote, mmeiruka wote kama dimbwi. Mama yako mdogo katoka hospitali mwezi mzima sasa, yuko hapo Misugusugu, nawe unampita kwa bodaboda kila siku ukienda kazini Kibaha. Unamtumia ujumbe wa pole. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu.

Soma Kiyunani, sikukatazi. Mimi mwenyewe bado nakipenda. Ila mtu akikuita, acha sentensi katikati. Utaikuta palepale; mtu huenda usimkute. Na usingoje uitwe mara mbili, wala usijifariji kwamba wapo wengine.

Mungu akujalie masikio mepesi na miguu myepesi kuliko ulimi wako. Akupe moyo usiochoka na watu wako, na uzee wako usiwe na Jumamosi kama yangu. Amina.