Mkenya wa Mita Mia

Kosa la kwanza la Nashon lilikuwa kuzaliwa Kenya. Wakongo wa kanisa lake pale Wandegeya, nchi jirani alikohamia, walishakata shauri zamani: Mkenya ni mtu anayeamka, anakunywa chai, halafu anakimbia mpaka jioni. Basi mwaka wa tisini na tisa, zilipotangazwa mbio za kilomita kumi za sikukuu ya kanisa, jina lake liliandikwa kabla hajaulizwa. Zawadi ilikuwa mbuzi dume.

Kukimbia alijua, hilo tusimnyime. Shuleni kwao Busia alikuwa bingwa wa mita mia. Lakini jamani, mbio za mita mia na za kilomita kumi zinafanana jina tu! Wa mita mia anafanyia mazoezi kuchomoka: anachuchumaa, anafyatuka, anapumzika mpaka moyo utulie, anafyatuka tena. Wa kilomita kumi anajifunza ubahili. Kila asubuhi anakwenda mwendo mrefu wa taratibu, pumzi anaibania kama mafuta ya taa mwisho wa mwezi.

Angesema ukweli yakaisha. Kilichomziba mdomo ni Séraphine, mjane wa Bukavu mwenye hoteli ndogo karibu na soko, ambako Nashon alikula kila siku akitoka kupaka magari rangi. Séraphine aliposikia habari za mbio, alimwongezea samaki.

"Kula, Papa Nashon, miguu ipate nguvu."

Nashon akaapa moyoni: akishinda, siku hiyohiyo atamwomba wafunge ndoa. Akishindwa, atahamia hoteli nyingine, maana atamtazamaje usoni?

Akafanya mazoezi aliyoyajua. Alipanda kilima cha Kasubi mbio za mwizi, akafika kwenye jiwe, akakaa. Waliomwona walisema Wakenya wana siri zao.

Siku yenyewe, kwa kujiamini, alianza na sahani nzima ya fufu, ule ugali wa muhogo, na mboga ya sombe. Filimbi ikalia, akafyatuka. Kufika kona ya kwanza alikuwa peke yake, watu wakimshangilia. Kufika ya pili kifua kiliwaka moto na fufu ikataka kurudi ilikotoka. Akapitwa na Ambroise, katekista mwenye kitambi, aliyekuwa akikimbia huku anasalimia waumini wake. Njia iliyobaki Nashon aliitembea. Aliingia uwanjani wa mwisho, watu wameshaanza kula, na Séraphine yuko palepale pembeni anapakua.

Aliona haya mpaka masikio.

Wakati huo Ambroise, mshindi, alikuwa ananyoosha mkono apokee kamba ya mbuzi wake. Mbuzi akaponyoka, mbio kuelekea barabarani kwenye magari. Mabingwa wa kilomita kumi wakamfuata kwa mwendo wao uleule wa taratibu, wangemkamatia huko mbali Jinja. Nashon alikuwa ameshapumzika vya kutosha, kwa kule kutembea. Alichuchumaa bila kufikiri, akafyatuka, akamdaka mbuzi shingoni, wakaanguka wote wawili mbele ya sufuria za Séraphine.

"Mama Séraphine, mimi si wa mbio ndefu," alisema akihema. "Ni wa mita mia. Nilikudanganya kwa kunyamaza."

Séraphine alimwangalia yeye, kisha mbuzi.

"Mita mia," alisema. "Na miaka miwili unakuja kwangu, unakula, unanitazama, unaondoka. Hizo zilikuwa mbio gani?"

Basi Nashon akaanza kusema lile aliloapa kulisema, palepale chini, mbuzi mikononi. Séraphine alikubali kabla hajamaliza.