Mkasi Juu ya Kabati

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi. Mimi ndiye dada yake mkubwa, na mdomo wangu, nakiri, hauna breki. Miaka mitatu iliyopita aliugua: halali usiku, hali chakula, anaongea na watu wasiokuwepo. Nikampeleka hospitali mimi. Alipotoka nikamchukua kwangu, na siku hiyohiyo nikaufunga mkasi wake mkubwa kwenye kitambaa, nikauficha juu ya kabati. Hakuwahi kumtishia mtu hata siku moja. Niliogopa tu, basi.

Kila mwezi tulikwenda kliniki, na kila mwezi nilijibu mimi. Analala? Analala. Anakula? Anakula vizuri. Dawa je? Nampa kwa mkono wangu. Yeye alikaa pembeni akikagua mshono wa pazia. Nyumbani alifagia, akaosha vyombo, akakaa, na cherehani yake nimeifunika shuka. Kwa kuwa ametulia, nikatangaza amepona.

Ndipo akaja muuguzi mpya, mama wa makamo mwenye miwani. Akamgeukia mdogo wangu. "Fundi, wewe unataka nini mwaka huu?"

"Anataka kupumzika," nikasema.

"Dada, wewe nimekusikia. Sasa namsubiri yeye."

Akasubiri kweli. Nilijiuma ulimi, nusura nipasuke. Mdogo wangu akalitazama pazia weee, kisha akasema, "Pazia lenu limeshonwa ovyo. Nataka mkasi wangu."

Hasira zikanipanda. "Na ukiugua tena?"

"Naweza kuugua tena. Ila sasa hivi siumwi, dada, na bado nakaa kama mgonjwa."

Muuguzi hakunigombeza wala hakuniambia nisiogope. Aliuliza ugonjwa ukitaka kurudi huanzaje. Fundi ndiye aliyejibu: usingizi unakatika, halafu anashona na kufumua, anashona na kufumua, nguo ileile. Wakaandika pamoja kwenye karatasi: akianza kufumua, dada amwambie, waje kliniki wote wawili. Miaka mitatu namchunga kama yai, na hilo la kufumua sikulijua. Niliona aibu.

Tulipofika nyumbani nikapanda kiti, nikaushusha mkasi. Ulikuwa umeota kutu. Akaugeuza huku na huku.

"Hata mafuta hukuupaka, dada?"

Nikacheka, kisha nikalia. Yeye akatafuta tupa, akaunoa hadi mchana ukaisha.

Mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Nilimpa kitambaa cha maua nilichokitunza siku nyingi, nikamwambia akate tu, ashone gauni lolote. Akanirudishia. Nilikuwa nimesahau: huyu hajawahi kukata nguo ya mtu kabla hajamuuliza mwenyewe, hata mteja awe na haraka ya moto. Akanipima mabega, akanipima kiuno, akacheka kidogo alipoisoma namba, akaiandika.

"Unataka lishonweje?"

"Mimi najua nini? Wewe ndiye fundi, amua."

Akavuta kigoda, akakaa, mkasi umelala mapajani.

"Nakusubiri, dada," akasema.