Upepo Mgongoni mwa Mjomba

Nilipokuwa mtoto kule Mwanda milimani, mjomba wangu Mwakio aliamka kila asubuhi amekauka kama ubao. Alikuwa kijana bado, ila mpaka jua lishike sawasawa hakuweza kuinama. Bibi, mama yake, alikuwa na jibu: Mwakio alikata kuni ndani ya fighi, ule msitu wa wazee wetu waliotangulia, usioguswa, na wazee wamemshika mgongo.

"Mama, mimi sijaingia fighi," mjomba alisema. Mbuzi alichinjwa hata hivyo. Mgongo haukulegea.

Mama yangu, aliyefanya kazi Voi, alituita tushuke, akatupeleka kwa mama mmoja wa Kihindi aliyetibu kwa dawa za kwao. Alimkanda mjomba kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, akatufungia manjano, tangawizi na ubani, akamwonyesha namna ya kujinyoosha.

"Ni upepo umekaa mifupani," alisema. "Mafuta yatalegeza, hayatamaliza. Hospitali pia aende, apigwe picha."

Tukarudi Mwanda bila kupita hospitali, na kazi ya kumkanda ikawa yangu. Baada ya wiki chache mjomba aliteremka shambani asubuhi na mapema, akipiga mluzi. Nilijiona daktari.

Ndipo bibi akaniuliza, "Yule Muhindi alisema ni nini hasa?"

"Upepo, bibi. Alisema upepo umemwingia."

Hilo la kuingia niliongeza mwenyewe, nikitaka kuonekana najua. Bibi akaweka mwiko chini. Kwake yeye, kinachomwingia mtu ni pepo. Mafuta yakamwagwa jaani, kwamba ndiyo yaliyokuwa yakimlisha huyo pepo. Waombaji wakaja, wakamfungia mjomba chumbani, alale na kufunga kula mpaka pepo atoke.

"Mkawasi!" mjomba aliniita kupitia mlangoni. "Mwambie mama yako!"

Palikuwa na simu dukani, na namba ya kazini kwa mama niliijua. Nilimwogopa bibi. Sikwenda.

Mama alipopanda mwisho wa mwezi, mjomba hakuweza kugeuka kitandani bila kulia. Wakagombana juu ya hospitali, yeye na bibi, na bibi akashinda kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Hospitali alifika miaka baadaye, na daktari akasema pingili za mgongo zimeshaungana.

Mjomba yu hai. Akitaka kukutazama hugeuza mwili mzima. Mwaka jana nilimwambia kuwa neno lile la kuingia lilikuwa langu.

"Najua," akasema. "Nilikusikia. Ulikuwa mtoto."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Kama mafuta yangemwokoa sijui. Yule mama mwenyewe hakuahidi. Najua tu kwamba alikuwa amepata nafuu, na waliomnyang'anya hawakuwa wazee wa fighi wala pepo. Ni sisi tuliompenda.