Bahari Niliyoichora Lurambi

Niliondoka Vanga kwa sababu baba yangu alinishinda mbele ya watu. Nilikuwa nafanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa samaki, na kituo kilinituma niwaeleze wavuvi wa kwetu kwa nini wasiikate mikoko ya mdomo wa hori letu, ule mkono wa bahari uingiao kijijini. Mfanyabiashara wa boriti alikwisha kuja kuiulizia, na wazee walikuwa wamepanga kumjibu baada ya mwezi. Nilibandika picha kubwa ya kituo: mizizi ya mikoko huzuia tope, tope likizuiwa nyasi za chini ya maji hupona, na katika nyasi hizo ndimo samaki aitwaye tafi anamokulia. Baba, aliyeanza kuyavua maji yale kabla hajaota ndevu, aliitazama weee, kisha akaniuliza kama aliyeichora amewahi kulowa. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nekesa, mwenzangu kituoni, ndiye aliyenifuta machozi. Kwao Kakamega, alisema, kila Desemba wanawake hukandika nyumba upya na kuzichora kwa udongo wa rangi, na ukuta wa mama yake wapita njia husimama kuutazama. Akanishauri niende nikajifunze jinsi mtu anavyochora kitu jirani akakitambua bila kuhubiriwa. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Nikafunga sanduku.

Jioni, Mombasa, nilipanda treni. Safari ile siikumbuki vizuri, kwa kuwa nilikuwa nusu macho nusu ndotoni. Nakumbuka nyika ikiteleza nje ya dirisha, Nairobi yenye baridi ambako nilibadilisha treni, kisha mashamba ya chai yaliyolala kwenye ukungu. Kila nilipofumba macho niliona hori letu lina maji ya kijani, na nilipoyafumbua nilikuwa nimesogea mbali nalo zaidi. Moyo uliniuma kama niliyeacha mtoto mchanga nyumbani.

Asubuhi ya siku ya tatu, Kisumu, nikachukua basi la Kakamega. Mchana Mama Nekesa alinipokea stendi, akajitwika sanduku langu kichwani kabla sijamaliza kumwamkia, tukashika njia ya Mumias mpaka upande wa Lurambi.

Miaka ile miwa ilikuwa imepanda bei na watu nao wameipanda kila mahali. Trekta zilipita zikivuta matela yaliyofurika, zikidondosha vipande ambavyo kila mpita njia alivitafuna, nami nikiwemo. Mabati mapya yalimeta juu ya nyumba za udongo. Hewa ilinukia sukari inayochemka, na upepo ulipovuma miwa yote iliinama upande mmoja, ikainuka, ikainama tena. Nilisimama katikati ya njia nikayumba nayo. Mama Nekesa aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana, nimefika baharini. Akacheka, akanivuta mkono.

Jioni nililishwa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwao. Nilipoinyemelea firigisi niliambiwa kwa upole kwamba hiyo ni ya baba mwenye nyumba, naye alikuwa bado zamu kiwandani. Nikajifunza adabu.

Siku iliyofuata majirani walikuja kukandika. Hakuna mtu hapo anayekandika peke yake. Mmoja hukanda udongo na samadi kwa miguu, wengine husiliba kwa viganja, na mazungumzo hayakatiki. Rangi zilikuwa kwenye vibuyu: nyekundu ya mlimani, nyeusi ya masizi, kijani cha majani yaliyopondwa, na nyeupe kidogo sana, iliyotunzwa kama dawa. Mama Nekesa alinipa ukuta mmoja nichore kwetu. Alinionya kitu kimoja tu.

“Huu ni wa upande wa mvua. Sisi tunauachanga mwisho kabisa, mpaka ukauke siku mbili. Usiharakishe.”

Lakini mimi nilikuwa nahesabu siku za wazee wa Vanga. Asubuhi iliyofuata, udongo ukiwa bado mbichi, nilianza. Nilichora mchanga kwa ile nyeupe, nikaimaliza bila kuuliza. Nikachora nyasi za kijani na tafi wadogo ndani yake, na juu kabisa ukanda mpana mwekundu wa nchi kavu. Ulipendeza mno. Nikajisifu moyoni.

Saa tisa alasiri mvua ya Kakamega ilikuja kwa kishindo, ikipiga ukuta kwa ubavu. Nilisimama mlangoni nikiona nyekundu ikiteremka, ikifunika nyasi, ikifunika tafi, ikilala juu ya mchanga mweupe. Nililia bila aibu. Asiyesikia la mkuu ndiye huyo.

Mvua ilipokatika aliingia uani jirani aliyeolewa kutoka Matungu, Khadija, akatoa salaam, kisha akasimama mbele ya ukuta.

“Nani amechora mto wetu?” akauliza. “Hii nyekundu ni shamba. Hizi majani zimefunikwa, na ile udongo nyeupe tulikuwa tunachotanga pale chini pia imefunikwa. Matete ndiyo ilikuwa inashika udongo. Sisi wenyewe tuling'oa, tukapanda miwa mpaka kwa maji.”

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba ile ni bahari. Mama Nekesa alinifinya mkono.

“Wacha aseme. Wewe umeshachora.”

Wanawake wengine walikuja, wakabishana. Mmoja alitaka matete yarudishwe ukingoni. Mwingine alisema hakuna mume atakayekubali kupunguza mistari ya miwa wakati huu wa mabati. Kila mmoja alishika ukuta kwa kidole akionyesha kwake. Yote yaliyokuwa kwenye picha ya kituo yalisemwa pale, na watu wasiowahi kuonja maji ya chumvi.

Siku nne baadaye niliondoka. Mama Nekesa alinifungia kibuyu kitupu, akisema udongo hausafirishwi, kila mahali pana wake.

Vanga niliwasili alasiri. Nilimwamkia baba shikamoo, nikakanda udongo, nikausiliba ukuta wa nyuma wa nyumba yake na kuusubiri siku mbili nzima. Kisha nikachora ufuo tu. Nikamwambia sijui mkondo unapitia wapi. Alinisimamia kwa dharau, akaninyang'anya udongo, akachora mkondo. Wenzake walipita, wakamkosoa, wakaongeza. Walikuwa na majina ya nyasi ambayo kituo chetu hakikuyajua, na walijua tafi mdogo hulala wapi maji yakitoka. Alipofika kwenye mikoko baba alichora mzizi mmoja mmoja, polepole, halafu mkono wake ukasimama pale mizizi inapokutana na nyasi za tafi. Hakuniangalia. Alikwenda kunawa.

Siku ya wazee kumjibu mtu wa boriti, nilijitayarisha usiku kucha. Nilipoinuka kusema, baba aliinuka pia.

“Keti, mwanangu,” alisema. “Hori ni letu. Tutalisemea wenyewe.”

Nikaketi. Sijawahi kuketi kwa furaha namna ile.